Malaria ya Baba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa na kazi nne. Nilifagia ua, nilichota maji kwenye bomba la mtaa, niliwasha makaa kwenye mbabula, kisha nilitazama miguu ya baba. Kazi hiyo ya nne hakuna aliyenituma kuifanya. Kama baba alilala bila viatu, alikuwa amerudi na akili zake, na angeamka kwenda kazini. Kama alilala na viatu, nilijua kwamba siku hiyo ni mimi nitakayekwenda kwenye lori.

Tulikaa Kenya. Sisemi nchi ya Kenya. Nasema komini ya Kenya, mtaa mkubwa wa hapa Lubumbashi, kwenye nyumba za matofali zilizobanana, mafundi wa baiskeli na wauza mkaa. Ulikuwa mwaka wa 1975. Mimi Nkandu nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiwa darasa la sita. Baba yangu, Mwenze, alifanya kazi kwenye tanuru za shaba. Saa kumi na mbili asubuhi lori la kampuni lilisimama karibu na soko kuchukua wafanyakazi. Karani wao, sitwayen Kasonde, maana miaka ile kila mwanaume aliitwa sitwayen, yaani raia, alisimama nyuma ya lori na daftari lake, akaita majina.

"Mwenze!"

Mimi nikasogea mbele na sare yangu ya shule.

"Baba iko na malaria, sitwayen."

"Tena?"

"Tena."

"Bon. Ulete karatasi ya disipansere."

Lori likaondoka. Mara ya kwanza niliposema hivyo, shuleni sikuweza kuandika imla hata mstari mmoja. Mara ya pili niliandika, nikakosea maneno machache tu. Mara ya tano sikusikia kitu chochote. Nilisema "malaria" kama mtu anayesema "shikamoo", nikaenda zangu kununua chumvi.

Ukweli ni kwamba baba hakuwa na malaria. Baba alikunywa lutuku, ile pombe kali ya mahindi ambayo wanawake huipika kwa siri nyuma ya nyumba. Zamani hakuwa mlevi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani, na alipenda kumwigiza mwalimu wangu mpaka mama akashika mbavu kwa kicheko. Lakini alikuwa na rafiki, Edouard, waliyeshika naye zamu moja kwa miaka tisa. Mwezi wa Oktoba wa mwaka uliotangulia Edouard alianguka kazini, moyo ukasimama, akafa mikononi mwa baba. Baba alirudi nyumbani siku hiyo, akanawa mikono, akala bukari yake, yaani ugali, akalala. Hakulia. Hakusimulia. Wiki iliyofuata alianza kupita kwa Mama Albertine, aliyeuza lutuku nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Basi nyumba yetu nzima ikafa ganzi. Baba hakusema, mama hakuuliza, mimi sikulia. Tulikula, tulilala, tuliamka. Mtu angepita dirishani angedhani ni familia yenye amani kubwa.

Neno "malaria" lilitoka kwa mama. Alinikalisha kwenye kigoda jikoni, akanishika mabega.

"Nkandu, ukisema lutuku, batamufukuza kazi. Na Mama Albertine, bapolisi batamufunga. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Sema malaria. Kila muntu anagonjwaka malaria. Haina haya."

Karatasi ya disipansere, yaani zahanati, haikuwa ngumu kupata. Zahanati ndogo ya mtaa wetu ilikuwa na foleni mpaka barabarani, na muuguzi alikuwa mmoja tu, Mama Kapinga, mwanamke mnene kutoka Kasai aliyetembea haraka kuliko wembamba wote. Mara ya kwanza aliniuliza kwa nini baba hakuja mwenyewe.

"Hawezi kusimama, mama. Anatetemeka, anatoka jasho."

Hilo lilikuwa kweli. Asubuhi baba alitetemeka mikono mpaka apate kikombe chake cha kwanza, na jasho lilimtoka hata kwenye baridi. Mama Kapinga alitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, watoto wakilia, wazee wakikohoa. Akaandika kwenye rejista, "Mwenze, malaria", akanipa karatasi na vidonge vya nivakine.

Vidonge sikumpa baba. Kumpa mtu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao niliona ni vibaya. Kumtupia Mama Kapinga dawa zake jalalani niliona ni vibaya pia. Nikaviweka ndani ya kopo tupu la maziwa, nikalificha chini ya kitanda changu. Kila wiki mbili kopo likazidi kuwa zito kidogo.

Watoto wa mtaa hawakudanganyika. Mwezi wa Mei tulikuwa tukifanya mazoezi ya gwaride, kwa sababu tarehe ishirini ya mwezi huo ilikuwa sikukuu ya chama tawala, na shule zote zilipaswa kupita mbele ya viongozi zikiimba. Rafiki yangu Wivine alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Shuleni jina hilo lilikuwa limekatazwa kwa kuwa ni la Kizungu, mwalimu alimwita Mumba tu, lakini sisi tuliendelea kumwita Wivine.

"Nkandu," aliniambia bila kugeuka, "malaria ya baba yako iko nguvu kabisa. Jana niliiona inatoka kwa Mama Albertine, inashika ukuta."

Msichana mwingine akacheka. Wivine naye akacheka, kisha akageuka, akaniona uso, akaacha.

"Pardon," alisema. "Miye nilikuwa natania."

"Najua," nilisema. Na kweli sikuwa nimekasirika. Afadhali ningekasirika.

Ijumaa ya wiki hiyo sitwayen Kasonde alifunga daftari lake kabla hata sijafungua mdomo. Alinivuta pembeni ya lori.

"Mutoto, sikia muzuri. Ku ofisi banaanza kuhesabu. Sikukuu iko Jumanne, na Jumatatu kampuni imetupa ruhusa. Jumatano, baba yako asipokuya yeye mwenyewe, na miguu yake, jina lake linakatwa."

Nilimwambia mama. Mama alifikiri usiku mzima. Jumamosi jioni baba aliporudi kutoka kwa Mama Albertine, mama alimsaidia kulala, akatoka chumbani, akafunga mlango kwa kufuli. Chupa mbili zilizokuwa zimefichwa nyuma ya gunia la unga alizimwaga chooni.

"Siku tatu," aliniambia. "Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Lutuku yote itamutoka mwilini. Jumatano anapanda lori mukavu, sawa zamani."

Nilimwamini. Hata jirani zetu wote wangemwamini, kwa sababu hivyo ndivyo walivyofanya watu wa mtaa ule kwa waume zao, na waliosalimika walisifiwa kanisani. Wasiosalimika walisemekana kufa kwa malaria.

Jumapili baba aligonga mlango na kuomba kikombe kimoja. Kisha akaomba nusu. Mama alikaa nje ya mlango, mgongo umeegemea mbao, akichambua mboga ya lengalenga. Jumatatu baba hakuomba tena. Alitapika, akatetemeka, akazungumza na mtu ambaye hakuwepo. Tulipitisha maji dirishani. Alimwaga.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe na kitambaa cha kijani shingoni, tayari kwa gwaride, niliposikia baba akipiga ukuta kwa viganja. Mama alifungua kufuli. Baba alikuwa amesimama kitandani, shati limelowa chepechepe, macho yamemtoka.

"Toa basiafu!" alipiga kelele. "Banatoka ku ukuta! Bananipanda ku mikono!"

Hapakuwa na siafu hata mmoja. Mama alimgusa paji la uso, akaurudisha mkono wake haraka. Alikuwa wa moto.

"Malaria," mama alisema kwa sauti ndogo sana. "Nkandu, ni Mungu anatuazibu. Tulisema malaria, malaria, sasa imefika ya kweli."

Fundi wa baiskeli alitukopesha kigari chake cha kubebea mkaa. Tulimlaza baba juu ya magunia, tukasukuma. Mtaa ulikuwa mtupu. Watu wote walikuwa kwenye gwaride, na kwa mbali tulisikia ngoma na nyimbo ambazo mimi nilipaswa kuziimba. Nilisukuma kigari nikiwaza kwamba mwalimu ataandika sikufika. Hilo tu ndilo nililowaza. Baba alikuwa akifa mbele yangu, nami niliwaza daftari la mwalimu.

Mama Kapinga alikuwa zamu peke yake. Alimpima baba joto, akamshika mkono uliokuwa ukitetemeka, akafungua rejista. Kidole chake kilishuka ukurasa baada ya ukurasa.

"Mwenze, malaria. Mwenze, malaria. Mara saba tokea Januari." Alitikisa kichwa. "Nivakine imeshindwa. Leo tunatia kinini ku mushipa, na nguvu."

Alitundika chupa ya maji ya dripu. Kisha akanitazama, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nachukua dawa siku zote.

"Nkandu, vidonge vya wiki iliyopita, baba yako alivimaliza?"

Mama alinitazama. Nilijua mtazamo ule.

"Ndiyo, mama," nilisema.

Neno lilitoka lenyewe, laini, kama yale ya kwenye lori. Mama Kapinga akageuka kuchukua dawa ya kinini kabatini. Wakati huo huo mwili wa baba ukakakamaa. Meno yakagongana, shingo ikarudi nyuma, miguu ikaanza kupiga kitanda. Mama akaanguka magotini akiita majina ya watakatifu wote anaowajua. Mama Kapinga akamgeuza baba ubavu, akamshikilia, mpaka kifafa kikaisha na baba akabaki akikoroma.

Nilitazama miguu yake. Nilikuwa nimezoea kuitazama kila asubuhi. Ilikuwa peku, mimi na mama tulikuwa tumesahau kumvisha viatu. Kwa miezi yote ile, miguu isiyo na viatu ilikuwa habari njema.

"Hakuna malaria," nilisema.

"Nkandu!" mama aliita.

"Hakuna malaria, Mama Kapinga. Hajawahi kuwa na malaria. Ni lutuku. Nivakine zako zote ziko ndani ya kopo, chini ya kitanda changu. Nilisema bongo, uongo mtupu, mara saba. Na sasa hivi nimesema tena."

Mama Kapinga aliweka chini dawa aliyokuwa ameshika. Hakunifokea. Aliuliza swali moja tu, haraka.

"Alikunywa ya mwisho lini?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa bado magotini. Aliinamisha kichwa.

"Jumamosi mangaribi," mama alisema. "Nilimufungia ndani. Nilitaka atoke mukavu."

"Siku tatu," Mama Kapinga alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwanamke yule anaogopa. "Mwili wenye umezoea lutuku kila siku, ukiinyima kwa mara moja, unavurugika. Kutetemeka, joto, siafu ku ukuta, kifafa. Inauaka muntu. Kinini ingekuwa ya bure, na ingeweza kumuongezea mubaya ku moyo."

Akaacha kinini. Alimchoma baba sindano ya kutuliza, akamtia vitamini, akaweka sukari kwenye dripu, akapima damu yake kwa hadubini ndogo ili ahakikishe. Kweli, malaria haikuwepo. Alikaa karibu naye na saa yake ya mkononi, akihesabu mapigo. Alasiri baba alilala usingizi wa kweli. Hapakuwa na gari la wagonjwa, maana magari yote yalikuwa kwenye sikukuu. Baba alifika hospitali kubwa ya mjini ndani ya lori lililokuwa likirudisha wachezaji wa ngoma. Akina mama waliovaa vitenge vya chama walimpakata kichwa mapajani njia nzima.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye lori. Sitwayen Kasonde aliita, "Mwenze!" Nikasogea mbele.

"Baba hana malaria, sitwayen. Hakuwahi kuwa nayo. Anagonjwa lutuku. Iko hospitali."

Karani alifunua kurasa za nyuma za daftari lake.

"Nilijuaka," alisema mwishowe. "Tokea mara ya pili nilijua. Kaka yangu naye aliendaka na malaria ya vile. Tulimuzika, na ku msalaba tukasema malaria." Akaandika neno moja kwenye daftari. Nilikuwa karibu, nikalisoma. Aliandika "hospitali". "Leta karatasi ya kweli, mutoto. Hii miye nitaipigania ku ofisi."

Baba alikaa hospitali siku kumi na mbili. Alipotoka alikuwa amekonda, na alizungumza polepole. Daktari alimwambia arudi kila wiki, lakini kutoka kwetu mpaka hospitali ilikuwa safari ya miguu ya saa nzima na zaidi. Isitoshe, chumba cha wagonjwa wa namna ile mtaa wote ulikiita nyumba ya wazimu. Baba alikwenda mara moja. Mara ya pili alivaa shati, akakaa mlangoni, akalivua.

Hapo ndipo Mama Kapinga alipoanza kusumbua watu. Alikwenda ofisi ya komini mara nne. Alisema kwamba rejista yake ilikuwa imejaa malaria zisizo malaria, na kwamba wagonjwa wa pombe na wa huzuni wa Kenya hawatafika mjini kamwe, basi dawa ifike Kenya. Mwishowe walimpa stoo ambamo ngoma na bendera za gwaride zilihifadhiwa. Daktari kijana alikubali kuja kutoka mjini kila Alhamisi. Kulikuwa na benchi moja. Waliokosa nafasi walikalia ngoma.

Alhamisi ya kwanza walikuja watu watatu, baba akiwa mmoja wao. Nilimsindikiza na kopo langu la maziwa, kwa sababu Mama Kapinga alitaka vidonge vyake virudi. Baba alikaa kwenye ngoma kubwa, akatazama sakafu. Daktari alimwuliza lini alianza kunywa. Baba alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema, "Edouard alikufia hapa," akaonyesha mikono yake. Halafu akalia, mbele ya watu, mwanaume mzima. Hakuna aliyecheka.

Mimi nilitoka nje. Mama Kapinga alinifuata, akachukua kopo, akalitikisa.

"Hizi zingeponyesha batoto kumi wa foleni yangu," alisema.

"Pardon, mama."

"Ngoja, sijamaliza. Miye pia nilikosa. Niliandika malaria bila kuona mugonjwa. Mama yako alikosa juu ya woga. Bote tulikuwa bakubwa, na mzigo tuliutua ku kichwa yako. Haikukuwa yako." Alikaa kwenye ngazi, akanivuta nikae karibu naye. "Lakini shika hii, Nkandu, uambie na benzako. Moyo unagonjwaka, kichwa kinagonjwaka, sawasawa na tumbo. Kugonjwa haiko haya. Ukificha jina ya ugonjwa, munganga wa hospitali anatibu kintu kingine, na muntu wako anakufa na dawa iko pembeni. Muambie munganga kweli, hata kama mama anakuangalia na macho mabaya. Na ulevi haukomeshwi na kufuli. Unakomeshwa na batu benye kujua, pole pole."

Nilisema, "Ndiyo, mama." Nilielewa kila neno, lakini kifuani bado hapakuwa na kitu.

Kufikia mwezi wa Agosti ngoma zote zilikuwa na watu. Mama Albertine mwenyewe alimleta mtoto wake wa kiume. Sitwayen Kasonde alileta wanaume wawili wa lori. Komini ya jirani ikaanza kuuliza kama nao wanaweza kupata Alhamisi yao, wakapewa Jumatatu.

Baba aliruhusiwa kurudi kazini Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Asubuhi hiyo nilifagia, nikachota maji, nikawasha makaa, nikatazama miguu yake. Haikuwepo kitandani. Nilikimbia mpaka kwenye lori, sijui kwa nini, labda miguu yangu ilikuwa imezoea njia. Karani alikuwa ameshafungua daftari.

"Mwenze!"

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Niko!" sauti ya baba ikajibu kutoka ndani ya lori.

Karani hakuandika chochote. Aliweka alama ndogo ya kalamu mbele ya jina, akaita la pili. Baba aliniona chini kati ya watu, akainua mkono. Lori likaondoka, na mimi nikabaki nimesimama sokoni, nikilia kwa sauti, mpaka wauza mboga wakaniuliza nani amekufa.

"Hakuna," niliwaambia. "Baba amekwenda kazini."